Usiniulize Kasi ya Upepo, Niulize Maji Yanajaa Saa Ngapi

Watu wa Moshi tunajihesabu kuwa mbali na bahari. Mji uko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wake, na mtu akisema mafuriko hapa anamaanisha Rau au Karanga imefurika baada ya mvua ya mlimani, maji yameingia mashambani, na baada ya siku mbili tatu yamekauka. Lakini ukiyafuata maji hayo hutaishia Mabogini wala Kahe. Weruweru na Kikafu zinaingia Kikuletwa, ambayo inabeba pia maji ya Meru kutoka upande wa Arusha. Kikuletwa inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na chini ya bwawa mto unaitwa Pangani, unapita Korogwe na Hale mpaka unapomwaga Bahari ya Hindi, kati ya mji wa Pangani na Bweni. Kila ndoo inayoteremka Kilimanjaro kwa upande wa kusini, kama haikuishia kwenye mpunga, kwenye migomba au kwenye jua, inakwenda kukutana na maji ya chumvi pale mlangoni.

Mimi nafundisha jiografia hapa Moshi, na nimeoa Pangani. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyonifanya nisome sana habari za vimbunga na maji ya bahari, na ninachotaka kusema leo ni kimoja. Kimbunga kinapokaribia pwani, swali la kwanza lisiwe upepo una kasi gani. Liwe kitatukuta maji yakiwa wapi: yamejaa au yamepwa, ni bamvua, yaani siku za maji makubwa, au ni maji mafu, siku ambazo hayapandi sana. Upepo ule ule, katika ghuba ile ile, unaweza kumwagia watu bahari sebuleni au kuishia kulowesha mchanga, na kinachoamua ni saa chache tu.

Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja, darasani kwangu hakukuwa na mazungumzo mengine. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa inatoa tahadhari, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimama, na kila mwanafunzi alitaka kujua upepo utafika kilomita ngapi kwa saa. Nikampigia shemeji yangu, mvuvi, aliyeko Pangani. Nilimkuta diko, pale wanapopandishia mashua, amekwishavuta yake juu.

"Upepo utavuma, shemeji, hilo hatulikatai," akaniambia. "Ila leo mwezi ishirini na tano. Maji mafu haya. Ungetukuta na upepo huu wiki ijayo, mama yenu tungekuwa tumeshamhamishia kwa dada huko juu."

Kauli hiyo ina elimu kubwa. Hidaya kilifika eneo la Mafia tarehe 4 Mei, kikiwa kimeanza kupungua nguvu. Mwezi uliandama tarehe 8. Maana yake kilitukuta maji yakiwa yametoka tu kwenye hali yake ya chini kabisa ya kujaa, yanaanza kupanda kuelekea bamvua. Tena Pangani ilikuwa kaskazini ya njia yake, upande wenye nafuu, na nitaeleza kwa nini. Lakini kabla kimbunga hakijafika, hakuna aliyeweza kumhakikishia shemeji njia hiyo. Hesabu ya mwezi alikuwa nayo mkononi siku zote.

Kwa msomaji wa huku juu ambaye hakukulia pwani, nieleze kwa ufupi. Bahari inavutwa na mwezi, na jua nalo linavuta kwa nguvu iliyo chini ya nusu ya ile ya mwezi. Kwetu maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kati ya kujaa na kujaa zinapita saa 12 na dakika 25, ndiyo maana kila siku maji yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, jua na mwezi vinavuta kwa mstari mmoja, na hapo ndipo bamvua: maji yanapanda juu sana na kupwa mbali sana. Mwezi ukiwa robo, kila kimoja kinavuta upande wake, na tunapata maji mafu. Katika pwani ya Tanzania, siku za bamvua tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa inazidi mita 3, na bamvua kubwa inakaribia mita 4. Siku za maji mafu tofauti hiyo inashuka mpaka kama mita 1. Ukilinganisha kilele na kilele, maji ya bamvua yanasimama takriban mita moja juu ya maji mafu. Mita moja hiyo ilikuwa haipo Hidaya kilipopita.

Na kuna jambo ambalo wavuvi na wakulima wa mwani wanalijua bila kufungua jedwali la saa za maji. Kwetu, siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne. Kwa hiyo dhoruba inayoangukia siku za bamvua ina nyakati mbili za kuogopwa zaidi, na mmoja wao ni alfajiri, watu wamelala na giza halijatoka.

Sasa kimbunga chenyewe kinafanya nini kwa maji? Kinayainua kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni mgandamizo wa hewa. Katikati ya kimbunga hewa ni nyepesi, haiikandamizi bahari kama kawaida, na kila hektopaskali moja inayopungua inaruhusu maji kupanda kama sentimita moja. Siku ya kawaida mgandamizo ni kama hektopaskali 1013. Ukishuka hadi 950, maji yamepanda kama sentimita 60 kabla upepo haujafanya lolote. Njia ya pili ndiyo yenye nguvu, nayo ni upepo unaosukuma maji kuelekea nchi kavu. Kwenye bahari yenye kina kirefu, maji yanayosukumwa juu yanapata pa kurudia kwa chini. Kwenye maji mafupi hayana pa kurudia, yanarundikana. Kwa hiyo mahali penye kina kifupi kinachoenda mbali baharini, upepo ule ule unapandisha maji zaidi sana. Mawimbi nayo yanavunjika juu ya maji hayo yaliyokwisha kuinuka, na yanaongeza kimo kidogo ufukweni.

Ghuba inazidisha mambo. Umbo lake likiwa pana mdomoni na jembamba ndani, maji yanayoingia yanabanwa, na yakibanwa yanapanda. Aliyewahi kuchimba mfereji wa migomba Kibosho au Machame anajua: mahali kingo zinapokaribiana, maji yanainuka hata kama hujaongeza tone. Ila katika ghuba hayapiti kwenda mbele, yanagonga mwisho wa njia. Ghuba yenye mlango mwembamba nayo ina tabia nyingine. Maji yanachelewa kuingia na yanachelewa kutoka, kwa hiyo ndani kilele kinakuja nyuma ya kilele cha nje, na dhoruba ya haraka inaweza kupita kabla ghuba haijajaa. Ndiyo sababu vijiji viwili vya pwani moja vinaweza kusimulia usiku mmoja kwa namna mbili, na vyote vikasema kweli.

Nilisema upande wa kaskazini una nafuu. Katika nusu yetu ya dunia, kusini mwa ikweta, vimbunga vinazunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Kimbunga kikitoka mashariki kuja pwani yetu, walioko kusini mwa mahali kinapoingilia wanapigwa na upepo unaotoka baharini, maji yanaletwa kwao. Walioko kaskazini wanapata upepo unaotoka bara, unaoyasukuma maji nje. Upande huo wa pili una hatari yake. Mwaka 2017 Kimbunga Irma kilipopita Florida, upepo uliitoa maji ghuba ya Tampa mpaka watu wakatembea juu ya sakafu yake, na katika pwani ya jirani wanyama wa jamii ya nguva wakakwama kwenye tope. Maji yaliyoondolewa na upepo yanarudi upepo ukigeuka. Mtu wa Pangani anayeona bahari imekauka saa ambayo ilipaswa kujaa asishuke kuokota chaza.

Mpaka hapa mtu anaweza kufikiri hesabu ni ya kujumlisha: chukua maji ya jedwali, ongeza maji ya dhoruba, umepata jibu. Kwa makisio ya haraka si vibaya. Lakini katika ghuba na milango ya mito yenye kina kifupi, maji ya mwezi na maji ya upepo hayakai kila moja peke yake. Yanabadilishana tabia, na sehemu hii ndiyo naipenda kuliko zote.

Chukua wimbi refu, lile la maji kujaa lenyewe. Mwendo wake unategemea kina. Kwenye kina cha mita 5 linakwenda kama kilomita 25 kwa saa, na kwenye kina cha mita 10 linakwenda kama 36. Dhoruba ikishaongeza maji ghubani, kina kimeongezeka, na wimbi la kujaa linapita haraka zaidi, halisuguani sana na sakafu, linafika kabla ya saa iliyoandikwa kwenye jedwali. Upande wa pili, maji yakiwa yamepwa, kina ni kidogo, na upepo ule ule unapata nguvu kubwa ya kuyarundika. Yakijaa, upepo unahangaika na maji mengi na athari yake inapungua. Matokeo yake ni kwamba ukitoa maji ya jedwali kwenye maji yaliyopimwa, ile ziada ya dhoruba mara nyingi inakuwa kubwa zaidi maji yakiwa bado yanapanda, si kwenye kilele. Katika mto Thames huko London wanasayansi waliliona hili kwa vipimo vya miaka mingi: ziada kubwa hujitokeza mara nyingi saa tatu hadi tano kabla ya maji kujaa, na hukwepa saa yenyewe ya kilele.

Usisikie hivyo ukadhani bahari ina huruma. Ziada kidogo juu ya maji yaliyojaa inaua kuliko ziada kubwa juu ya maji yaliyopwa. Kinachoingia ndani ya nyumba ni jumla. Ndiyo maana siku hizi wataalamu wengi wanapendelea kupima kilele dhidi ya kilele: maji yalifika wapi juu kabisa katika kujaa kule, na jedwali lilisema yangefika wapi, bila kujali kama saa zimepishana. Kipimo hicho ndicho kinachomhusu mtu mwenye nyumba.

Mfano ulio wazi ninaoujua ni wa New York, usiku wa tarehe 29 Oktoba 2012. Kimbunga Sandy kilifika mwezi ukiwa mpevu siku ile ile. Kwenye kipimo cha Battery, ncha ya kusini ya Manhattan, dhoruba iliongeza karibu mita 2.9, ikaangukia karibu na saa ya maji kujaa, na maji yakapanda kuliko ilivyowahi kuandikwa pale. Yakaingia kwenye njia za treni za chini ya ardhi. Chini ya kilomita 30 kutoka hapo, kwenye kipimo cha Kings Point, dhoruba hiyo hiyo iliongeza karibu mita 3.9, yaani mita nzima zaidi. Lakini kule saa za maji ziko nyuma kwa kiasi cha saa tatu au zaidi, na ziada hiyo kubwa iliangukia karibu na maji kupwa. Madhara yalikuwepo, ila hayakuwa yale ambayo ziada ya namna ile ingeleta juu ya bamvua. Huo ni mji mmoja, usiku mmoja, kimbunga kimoja.

Historia nyingine ni za kuumiza, na sitazirefusha. Tarehe 31 Januari 1953, siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu, dhoruba ya Bahari ya Kaskazini ilikutana na bamvua usiku. Uholanzi walikufa watu 1,836, na Uingereza bara zaidi ya 300. Malango makubwa ya kuzuia bahari unayoyaona kwenye picha za Uholanzi na la mto Thames yalijengwa kwa sababu ya usiku huo. Na usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 Novemba 1970, mwezi ukiwa mpevu, kimbunga cha Bhola kiliingia kichwani mwa Ghuba ya Bengal, mahali ambapo kina ni kifupi, pwani imebana kama pembe, na ardhi ya visiwa iko chini. Kiliingia karibu na saa ya maji kujaa. Walikufa watu wasiopungua laki tatu. Nikisoma habari hiyo nafikiria delta ya Rufiji na visiwa vyake, na watu wanaolima mpunga pale kwenye ardhi isiyoizidi bahari kwa mengi.

Karibu zaidi na sisi ni Beira. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019 Kimbunga Idai kiliingia nchi kavu karibu na mji huo wa Msumbiji. Mbele ya Beira kuna Benki ya Sofala, sakafu ya bahari yenye kina kifupi inayoenda zaidi ya kilomita mia moja, na kwa sababu hiyo hiyo maji kujaa na kupwa pale ni makubwa kuliko kwetu: siku za bamvua tofauti inazidi mita 6. Mahali pa namna hiyo kimbunga kinapata kila kinachohitaji. Lakini tarehe 14 mwezi ulikuwa robo ya kwanza. Yalikuwa maji mafu. Msumbiji pekee walikufa zaidi ya watu 600, wengi wakichukuliwa na mafuriko ya mito Pungwe na Buzi. Wiki moja baadaye, tarehe 21 Machi, mwezi ulikuwa mpevu, uko karibu na dunia kuliko kawaida, na jua liko juu ya ikweta. Bamvua la siku zile lilikuwa miongoni mwa makubwa ya mwaka. Idai kingekawia wiki hiyo moja, kingekuta maji ya Beira yamesimama juu zaidi kwa mita moja na nusu au kuzidi. Sijui kama tumelitafakari hilo vya kutosha katika pwani hii ya Afrika. Tuliihesabu Beira kama mji uliopigwa sana, na ni kweli ulipigwa sana, lakini bahari yake ilikuwa imepiga magoti.

Tanzania tuna unafuu wa maumbile. Sehemu kubwa ya pwani yetu sakafu inazama haraka. Kati ya Pemba na bara kina kinafika mamia ya mita, na maji ya namna hiyo hayarundikani kirahisi. Tena tuko karibu na ikweta, ambako vimbunga ni adimu kwa kuwa mzunguko wa dunia hauvipi nguvu ya kujisokota. Lakini kati ya Unguja na bara, na kuzunguka Mafia mpaka Rufiji, kina ni cha makumi ya mita tu, na ndani ya ghuba kama Chwaka ni kifupi zaidi: bamvua likipwa unaona mchanga na majani ya bahari mpaka mbali. Na adimu si kusema hakuna. Zanzibar ilipigwa na kimbunga tarehe 15 Aprili 1872, mikarafuu ya Unguja ikaangushwa kwa wingi na vyombo bandarini vikavunjika. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Kenneth kiliingia kaskazini mwa Msumbiji, si mbali sana na mpaka wetu, Aprili 2019. Jobo kilitukaribia Aprili 2021, kikafifia. Kisha Hidaya, Mei 2024.

Tazama hiyo miezi. Vimbunga vichache vinavyofika huku juu karibu na ikweta vinakuja mwishoni mwa msimu wao, Aprili na Mei. Aprili na Mei ndiyo masika, mito yetu imejaa. Na bamvua kubwa za mwaka zinaangukia karibu na siku ambazo usiku na mchana vinalingana, Machi na Septemba, zikitangulia na kufuatia kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo kuna majuma, kati ya mwishoni mwa Machi na Aprili yote, ambapo mambo matatu yanaweza kukutana pale Pangani: maji ya juu kabisa ya bahari, mto uliojaa mvua ya Kilimanjaro, Meru, Pare na Usambara, na dhoruba. Hiyo si lazima itokee. Lakini kalenda inaruhusu, na mtu anayepanga makazi au ukuta anapaswa kuanzia hapo.

Mto ukifika mlangoni ukakuta bahari imesimama juu, haumwagiki. Unarudi nyuma, unatafuta kingo za chini, unaingia minazini na kwenye mashamba. Bahari nayo inapanda mtoni na chumvi yake. Kwa miaka mingi watu wa Pangani wamekuwa wakilalamika kwamba chumvi inapanda mbali zaidi kuliko zamani, kwa kuwa maji matamu yanayoteremka yamepungua. Huku juu tumeyatega kwa mabwawa na mifereji. Wakati wa kiangazi tunawapa maji machache mno, na wakati wa masika yanaweza kuwafikia mengi kwa siku wasiyoyataka. Nasema "tunawapa" kwa sababu ndivyo ilivyo. Sisi ndio tulio juu.

Shemeji ana nguzo pale diko. Ni mti wa mkoko, ulichomekwa na baba yake kwa ajili ya kufungia mashua. Ukiutazama kwa karibu una mikanda mitatu. Chini umejaa chaza wadogo wenye makali, unaweza kujikata mkono. Katikati ni mweusi, una utelezi, maji yanapita hapo kila siku. Juu ni wa kijivu, mkavu, umepasuka kwa jua. Kwenye huo mkanda wa kijivu kuna mikato ya panga, kila mmoja ni mahali ambapo bamvua la mwaka fulani lilifika. Mkato wa juu kabisa hauko kwenye mstari na mingine. Uko kiganja kizima juu yake. Alinionyesha kwa kidole gumba, akasema siku ile halikuwa bamvua kubwa, ila kusi ilivuma siku tatu bila kukatika. Hiyo ndiyo ziada ninayoifundisha darasani kwa chaki, iliyochongwa kwenye mti na mtu aliyeiona ikipita. Na haikuhitaji kimbunga.

Upepo wa siku tatu una jambo lake. Kimbunga kinachopita kwa saa nne kinaweza kubahatika kuangukia maji kupwa. Upepo unaodumu zaidi ya saa 12 na dakika 25 hauwezi: lazima ukutane na kujaa angalau mara moja. Ukidumu siku tatu unakutana na kujaa mara tano au sita, na kila mara maji yanakuta mchanga uliokwishalegezwa na yale yaliyotangulia. Mmomonyoko mwingi wa pwani yetu naamini unakuja kwa njia hii ya polepole. Pangani mjini ukuta wa kuzuia bahari umejengwa, nami naufurahia, lakini kimo cha ukuta wowote kina maana ukikipima kuanzia kwenye bamvua la Machi na upepo juu yake. Ukikipima kuanzia maji ya siku ya kawaida umejidanganya. Usawa wa bahari duniani nao umepanda kama sentimita 20 tangu mwanzo wa karne iliyopita, na kila sentimita inaingia kwenye hesabu hiyo kabla dhoruba haijaanza yake.

Ninachoomba ni kidogo na kinawezekana. Tahadhari ya dhoruba inapotolewa kwa watu wa pwani, ibebe na saa ya maji kujaa ya kila eneo, siku hiyo na siku mbili zinazofuata, na iseme kama ni bamvua au maji mafu. Mamlaka ya bandari inatoa jedwali la maji kila mwaka, hivyo saa zinajulikana muda mrefu kabla upepo haujazaliwa. Mtu akiambiwa "upepo wa kilomita 60 kwa saa" anatazama paa lake. Akiambiwa "maji yanajaa saa kumi na nusu alfajiri, ni bamvua, na upepo unatoka baharini" anamhamisha mama yake jioni. Redio ya wilaya inaweza kusoma hilo kwa nusu dakika.

La pili linatuhusu sisi wa Moshi na Arusha. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ina ofisi yake hapa hapa Moshi, na maji yakiachiwa Nyumba ya Mungu yanachukua siku kadhaa kufika mlangoni. Siku hizo kadhaa ndizo zinazoweza kuyakutanisha na bamvua au kuyapisha. Mtu anayeamua kufungua maji wakati wa masika awe na jedwali la Pangani au Tanga ukutani, kando ya chati ya mvua ya Kilimanjaro. Na kwenye vikao vya watumia maji, ambako tunabishana zamu za mifereji mpaka jioni, pawepo na mvuvi mmoja wa Pangani kila mwaka kabla ya masika. Atakachosema hakiko kwenye chati yoyote tuliyo nayo.

Nimeshamwomba shemeji apige picha ya ile nguzo kwenye bamvua la Machi na la Aprili, maji yakiwa juu kabisa, aandike na saa. Akizituma nitaziweka hapa pamoja na saa za jedwali, na hali ya upepo ya siku hiyo, ili kila msomaji alinganishe mwenyewe.